Historia ya Neno Chanjo na Kazi Iliyolikuza

Tangu Baraza la Kiswahili la Taifa lilipoundwa kwa sheria ya mwaka 1967, istilahi nyingi zimejadiliwa vikaoni, zikapitishwa, zikachapishwa, kisha zisisikike tena. Yapo pia maneno machache ambayo hakuna kikao kilichoyaamuru, na hata hivyo hakuna mama, karani wala mwalimu asiyeyajua. Neno chanjo ni mojawapo. Makala haya yana nia ya kueleza jinsi neno hilo lilivyokua, na kuonyesha kwamba waliolikuza hasa ni wauguzi na watunza ghala wa zahanati zetu, kwa kazi ya miaka mingi iliyofanywa kwa utaratibu. Kwa sisi tunaoshughulika na istilahi, habari hiyo inatia moyo. Ina tahadhari zake pia, ambazo zitaonekana tutakapofika kwenye maneno kinga na madhara.

Kitenzi kuchanja ni cha zamani. Maana yake ya msingi ni kupasua au kutia mkato: mtu huchanja kuni, mganga huchanja ngozi kwa wembe, na mkato ule mdogo huitwa chale. Waliofunga udugu wa damu walichanjiana. Hata msafiri aendaye mbio porini husemwa kwamba anachanja mbuga, kana kwamba miguu yake inaikata nchi vipande viwili. Kutokana na kitenzi hicho jina chanjo hupatikana kwa njia ile ile inayotupa pambo kutoka pamba, fumbo kutoka fumba na pigo kutoka piga. Hapakuhitajika ufundi wowote wa kuliunda.

Yafaa ikumbukwe kwamba waganga wa kienyeji walizoea kuchanja ngozi na kusugua dawa ndani ya chale. Basi ilipofika dawa ya kigeni ya kukinga ndui, ambayo nayo ilitiwa kwa kukwaruza ngozi ya mkono, watu walikuwa na neno tayari. Walisema kuchanja ndui, na jambo likaeleweka. Haya si kusema kwamba walidhani ni jambo lile lile. Mganga aliitwa na mgonjwa au na jamaa zake. Mchanjaji wa Serikali alikuja bila kuitwa, na katika utawala wa Wajerumani na ule wa Waingereza mara nyingi alikuja kwa amri. Neno lilikuwa letu, lakini kazi ilikuwa bado ya wengine, na kwa miaka mingi chanjo lilibaki neno lenye harufu ya amri.

Inafaa hapa tutazame kidogo lugha nyingine zilifanya nini. Tarehe 14 Mei, 1796, daktari Mwingereza Edward Jenner alichukua majimaji ya ndui ya ng'ombe kutoka mkono wa mkamuaji maziwa, akayatia katika mkono wa mtoto wa miaka minane aitwaye James Phipps. Jina ambalo lugha za Ulaya zinalitumia kwa dawa hii linatokana na neno la Kilatini lenye maana ya ng'ombe. Lilikuwa jina halali kwa ndui ya ng'ombe, na kwa hiyo tu. Lakini mwaka 1881, Mfaransa Louis Pasteur, ambaye alikuwa ametengeneza dawa za namna hiyo dhidi ya kipindupindu cha kuku na kimeta cha kondoo, alipendekeza mbele ya mkutano wa madaktari mjini London kwamba jina lile lienezwe kwa dawa zote za aina hiyo, kwa heshima ya Jenner. Tangu siku hizo Wazungu wanamtaja ng'ombe kila wanapomkinga mtoto na surua, na hakuna anayemwona ng'ombe. Waarabu nao walichukua maneno ya shambani: moja ni la kuchavusha mtende, jingine ni la kupandikiza mti. Kiswahili, ambacho kimepokea kutoka Kiarabu maneno afya, dawa, tiba na tauni, hapa hakikukopa kitu. Kilikwenda kwenye wembe wake chenyewe.

Nimeyataja haya kwa sababu wako watafsiri wanaolilaumu neno chanjo kwamba si sahihi, kwa kuwa dawa nyingi za leo hazichanjwi. Lawama hiyo ingelipata jina la Pasteur kwanza.

Hatari ya kweli iliyolikabili neno letu ilikuwa nyingine: lingeweza kufa pamoja na ndui. Mwaka 1967 Shirika la Afya Duniani lilianza juhudi kubwa za kuufuta ugonjwa huo duniani. Silaha zake zilikuwa dawa iliyokaushwa, ambayo ilistahimili joto la nchi zetu, na sindano yenye ncha mbili ambayo mtu yeyote aliyefundishwa kwa muda mfupi aliweza kuitumia, akichoma ngozi mara kumi na tano hivi mahali pamoja. Mgonjwa wa mwisho aliyeambukizwa katika maisha ya kawaida alipatikana Oktoba 1977 mjini Merka, katika pwani ile ile ya Somalia ulipo mji wa Barawa wenye lahaja yake ya Kiswahili. Aliitwa Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali. Mtu huyo alikuwa amekwepa kuchanjwa, kwa kuogopa maumivu. Alipona, na miaka mingi baadaye akawa mmoja wa wahamasishaji wa chanjo ya polio nchini mwake, akiwasimulia wazazi habari zake mwenyewe; alifariki kwa malaria mwaka 2013 akiwa katika kazi hiyo. Tarehe 8 Mei, 1980, Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulitangaza kwamba ndui imekwisha. Kuchanja ndui kukaachwa. Leo vijana wengi hawajapata kuona kovu lake katika mkono wa rika lao.

Neno lingaliweza kuishia hapo, likahifadhiwa na kamusi. Halikuishia kwa sababu lilikuwa limekwisha kupewa kazi mpya. Mwaka 1974 Shirika la Afya Duniani lilianzisha mpango wa kuwachanja watoto wote dhidi ya maradhi sita, na Tanzania ikaanza mpango wake mwaka uliofuata, 1975. Wakati ulikuwa mwema. Zahanati zilikuwa zikijengwa vijijini, na mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilikuwa imewakusanya watu wazima wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio na kusoma vijitabu. Kampeni hiyo haikuhusu chanjo; ilihusu vyoo, maji, mbu na mengineyo. Lakini iliwazoesha wananchi kusikia mambo ya maradhi yakielezwa kwa Kiswahili kilichopangwa, na hilo ni jambo ambalo wanahistoria wa lugha yetu hawajalipa uzito unaostahili.

Tuyatazame majina ya yale maradhi sita: kifua kikuu, dondakoo, kifaduro, pepopunda, surua na polio. Matano ya kwanza yalikuwa yamekwisha kuzoewa katika Kiswahili. Dondakoo linajieleza lenyewe, kwa kuwa donda liko kooni. Surua huitwa pia ukambi, hasa kwa ndugu zetu wa Kenya, na mtafsiri anayeandika kijitabu cha kutumiwa pande zote mbili za mpaka hana budi kuyaweka maneno yote mawili, hata kama mhariri wake hapendi. Jina lenye mafunzo zaidi ni pepopunda. Ndani yake limo neno pepo, na mtu angetarajia kwamba wataalamu wa tiba wangelikataa, kwani mtoto mchanga akakamaaye viungo hana pepo. Ameingiwa na sumu ya vijidudu kupitia kitovu kilichokatwa kwa chombo kichafu. Hawakulikataa. Walimwambia mama mjamzito kwamba sindano ile itamkinga yeye na mwanawe na pepopunda, naye akaona kwamba watoto hawafi tena kwa ugonjwa ule. Mwaka 2012 Tanzania ilithibitishwa kuwa imetokomeza pepopunda ya uzazi na ya watoto wachanga kama tishio kwa afya ya jamii. Pepo amebaki katika neno tu, kama ng'ombe wa Jenner.

Polio ni habari tofauti. Jina ugonjwa wa kupooza lilikuwepo, lakini kupooza huwapata pia wazee waliopigwa na kiharusi, na mzazi aliyeambiwa kwamba matone yanazuia kupooza aliweza kuuliza kwa nini babu asipewe. Hapa kukopa kulikuwa busara. Neno polio ni fupi, linatamkika, na halina maana nyingine katika lugha yetu ya kulichanganya nayo.

Tena ni polio iliyolijaribu neno chanjo kwa ukali zaidi. Chanjo yake ilitolewa kwa matone mawili mdomoni. Hapakuwa na wembe, wala sindano, wala damu. Kwa kanuni za etimolojia jina chanjo lilikuwa limefika mwisho wa kamba yake. Mama hakujali etimolojia. Aliyeyatoa matone alikuwa muuguzi yule yule, siku ile ile ya kliniki, naye aliyaandika katika kadi ile ile. Basi yalikuwa chanjo. Maana ya neno ilikuwa imehama kutoka mkato hadi utaratibu mzima: kadi, tarehe ya kurudi, mizani ya kumpimia mtoto uzito, benchi la kungojea. Ningependa watunga istilahi watue kidogo hapa. Sisi tumezoea kudhani kwamba neno hupata maana yake kwa fasili tunayoliandikia. Neno hili lilipata maana yake kwa sababu muuguzi alikuwapo siku aliyosema atakuwapo.

Utaratibu huo ulikuwa na sehemu ambayo mama hakuiona. Dawa nyingi za chanjo huharibika zisipotunzwa katika ubaridi wa kati ya nyuzi 2 na 8, kuanzia kiwandani hadi mkononi mwa mtoto. Katika nchi ambayo vijiji vingi havikuwa na umeme, hilo lilimaanisha majokofu ya mafuta ya taa, utambi wa kusafishwa, makasha yenye vipande vya barafu yaliyofungwa nyuma ya baiskeli, na mtu wa kusoma kipimajoto asubuhi na jioni hata siku ya sikukuu. Wafanyakazi wa afya huuita mpango huo mnyororo baridi. Ukilipima kwa mizani ya sarufi, jina hilo lina kasoro, kwani mnyororo wenyewe hauna ubaridi. Limeletwa neno kwa neno kutoka lugha ya kigeni. Mtu angeweza kupendekeza mfululizo wa ubaridi, au utunzaji baridi. Mimi sioni faida ya kulibadilisha. Mtunza ghala wa wilaya anajua kwamba pete moja ikikatika mnyororo wote hauna kazi, na picha hiyo inamfaa katika kazi yake kuliko usahihi wetu.

Matokeo yanajulikana. Katika miaka ya 2010 makadirio ya Shirika la Afya Duniani na UNICEF yaliiweka Tanzania mara kwa mara katika kiwango cha asilimia 90 au zaidi ya watoto waliopata dozi ya tatu ya chanjo ya dondakoo, kifaduro na pepopunda. Mgonjwa wa mwisho wa polio ya asili alipatikana nchini mwaka 1996, na nchi ikathibitishwa kuwa huru mwaka 2015. Ugonjwa ulipozuka Malawi mwanzoni mwa mwaka 2022, mikoa yetu ya mpakani ilianza kuwachanja watoto Machi mwaka huo huo, nyumba kwa nyumba. Nchi zenye mali nyingi kuliko yetu zimewahi kushindwa kufika hapo.

Sasa tuje kwenye maneno ambayo hayakubahatika hivyo.

Kwanza ni kinga. Kukinga ni kuzuia kitu kisifike: mtu hukinga jua kwa mkono. Anaweza pia kukinga maji ya mvua kwa mtungi, na hapo huyapokea. Maana hizo mbili hukaa pamoja bila ugomvi. Katika miaka ya 1980 lilipotungwa jina UKIMWI, yaani Upungufu wa Kinga Mwilini, taifa zima lilijifunza kwa uchungu kwamba mwili una kinga yake ndani. Ilikuwa istilahi bora, na ilifungua njia ya kingamwili na mfumo wa kinga. Lakini vita vile vile dhidi ya UKIMWI viliuleta usemi tumia kinga, ambao maana yake ni kutumia kondomu. Hivyo neno moja likabeba nguvu iliyo ndani ya damu na kifaa kinachonunuliwa dukani. Mhadhiri anayesema kwamba vijana wapewe kinga shuleni, akiwa na nia ya kusema wachanjwe, atasababisha kikao cha wazazi.

Na kinga lina tatizo jingine lililo zito zaidi: katika masikio ya wengi ni neno la yote au hapana. Aliyekingwa na mvua halowi. Kwa surua jambo hili halikuleta taabu kubwa, kwa kuwa chanjo yake hufanya kazi kwa watoto walio wengi sana. Taabu ilionekana katika chanjo ya UVIKO-19. Tarehe 28 Julai, 2021, Rais Samia Suluhu Hassan alichanjwa hadharani jijini Dar es Salaam, na kazi ikaanza. Wananchi waliuliza swali ambalo halikuwa la kijinga hata kidogo: ikiwa aliyechanjwa anaweza kuugua, amekingwa na nini? Jibu la kitaalamu lilikuwa kwamba amepunguziwa hatari ya kuugua sana na ya kufa. Neno kinga peke yake halikuweza kuibeba sentensi hiyo. Mwanzoni mwa mwaka 2022 waliochanjwa walikuwa bado wachache mno. Kufikia mwaka 2023 takriban nusu ya wananchi walikuwa wamechanjwa, baada ya kazi hiyo kupelekwa vijijini, sokoni na katika huduma za kila siku. Nadiriki kusema kwamba kadi za kliniki za miaka arobaini ziliisaidia kazi hiyo kuliko matangazo yetu yote.

Neno la pili ni madhara. Karatasi nyingi za kigeni zinazoambatana na dawa zina sehemu inayoeleza mambo yasiyokusudiwa yanayoweza kumpata mtumiaji, na watafsiri wetu wengi huandika madhara. Madhara ni hasara, ni uharibifu. Mama ambaye mwanawe amepata homa ndogo jioni ya siku ya sindano, akisoma kwamba hayo ni madhara ya chanjo, atakuwa na haki ya kutorudi kwa dozi ya pili. Wauguzi wa uzazi wa mpango na wa chanjo wana msemo wao, maudhi madogo madogo, ambao ni bora mara kumi. Maudhi humsumbua mtu yakapita. Msemo huo hauwi uongo, kwa sababu haukani kwamba kuna jambo. Hata hivyo usitumiwe kufichia: pale ambapo dawa ina hatari ya kweli, iliyo nadra, iandikwe kuwa ni madhara, na unadra wake uandikwe kwa tarakimu. Kuyachanganya haya mawili, kwa upande wowote, ni kosa la utumishi kabla halijawa kosa la lugha.

Naongeza moja kwa kupita. Tangu Aprili 2018 wasichana wamekuwa wakichanjwa nchini dhidi ya saratani ya mlango wa kizazi. Jina hili likifupishwa, neno linaloachwa ni saratani na linalobaki ni kizazi. Na uvumi kwamba chanjo inaua uzazi umewahi kuenea katika nchi nyingi. Walimu wanaotoa matangazo mashuleni wasilifupishe.

Mtihani ulio mbele ya watafsiri ni chanjo ya malaria. Ya kwanza ilijaribiwa katika nchi saba za Afrika, na Bagamoyo na Korogwe vilikuwa miongoni mwa vituo. Kwa watoto walioanza wakiwa na umri wa miezi 5 hadi 17 wakapata dozi nne, ilipunguza matukio ya homa ya malaria kwa asilimia 36 hivi katika miaka minne. Shirika la Afya Duniani liliipendekeza Oktoba 2021, na ya pili ikafuata mwaka 2023. Kitabibu faida hiyo ni kubwa, kwa kuwa malaria humpata mtoto tena na tena. Lakini mama aliyezoea chanjo ya surua atasikia neno lile lile, atamwona muuguzi yule yule na kadi ile ile, na atategemea jambo lile lile. Mtafsiri akiandika kwamba chanjo hii inakinga malaria, atakuwa ametumia imani iliyojengwa tangu mwaka 1975 kulipia deni ambalo dawa hiyo haiwezi kulilipa. Napendekeza kijitabu kiandikwe hivi: Chanjo hii inapunguza homa za malaria kwa mtoto, haiziondoi zote, mtoto aendelee kulala ndani ya chandarua, na akipata homa apelekwe zahanati siku hiyo hiyo. Wako watakaosema kwamba maneno haiziondoi zote yatawavunja watu moyo na yafutwe. Yasifutwe.